Mazungumzo ya Nyumbani: Malisho Nayo Hutaka Pumziko

 

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za malisho. Mwalimu mmoja wa Usukuma ameuliza swali, nami naona latufaa sote. Katika kijiji chake mzee mmoja Mkristo alifunga sehemu ya ardhi yake tangu mvua za kwanza, asiingize mnyama hata mmoja, ili majani yale yawe akiba ya kiangazi. Mwezi wa Agosti, nchi ilipokuwa imekauka, jirani yake, naye ni Mkristo, aliingiza ng'ombe zake humo usiku, zikala muda wa siku tatu. Mzee alipojua alizikamata, akadai faini. Jirani akajibu, "Majani ni mali ya Mungu. Mimi sikuyapanda, wala wewe hukuyapanda. Je, niache ng'ombe zangu zife, na chakula nakiona kwa macho?" Tangu siku ile wawili hawa hawasalimiani mlangoni mwa kanisa, na wake zao hawaendi tena pamoja kuteka maji. Mwalimu auliza, "Ni yupi mwenye haki? Nami niwaambie nini?"

Swali hili si dogo. Nyumba nyingi zimetengana kwa sababu ya majani kuliko kwa sababu ya fedha. Nitajibu, lakini kwanza imetupasa kujua kama ni kweli ya kwamba mzee yule hakufanya kazi yo yote. Kwa hiyo na tuanze na jani lenyewe.

JINSI MAJANI YANAVYOISHI

Mtu aonaye nyasi ameona nusu tu. Nusu ya pili imo chini ya udongo. Majani ya juu hupokea nuru ya jua, nayo ndiyo jiko la mmea. Kwa nuru ile mmea hujipikia chakula chake. Sehemu huila, na sehemu huiweka akiba katika mizizi na chini ya shina. Ng'ombe akija akauma, jiko limepunguzwa, na mmea hauna budi kutoa katika akiba yake ili uchipue tena. Majani mapya yakipata muda wa kukua, akiba hurudishwa, wala mmea haukupata hasara. Walakini ng'ombe akirudi mapema mno, akala chipukizi zile laini, mmea hutoa akiba mara ya pili, kisha mara ya tatu, hata hazina ikaisha. Ndipo mizizi hufupika. Mizizi mifupi haiyafikii maji yaliyo chini, na jua likiwaka majuma mawili, mmea umekufa. Watu husema, "Ukame umeua majani." Kumbe ukame umemaliza tu kazi iliyoanzwa na meno.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1955 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Crider, alitangaza majaribio yake juu ya nyasi za namna mbalimbali. Mmea uliokatwa majani yake hata kufika nusu, mizizi yake iliendelea kukua karibu kama kawaida. Uliokatwa zaidi ya nusu, mizizi ilianza kusimama. Na uliokatwa sehemu nane katika kumi, mizizi ilisimama kabisa kwa siku nyingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1957, Mfaransa André Voisin, aliyekuwa mfugaji na mtu wa elimu pia, alitoa kitabu juu ya majani na ng'ombe. Alieleza ya kwamba madhara ya meno ni jambo la muda: ng'ombe wamekaa hapa siku ngapi, na malisho yamepumzika siku ngapi kabla hawajarudi.

Basi, shikeni maneno mawili haya. La kwanza, kula nusu, acha nusu. La pili, usirudi kabla majani hayajapona.

Tuangalie sasa desturi ya ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe aliyeachwa aende apendako hufanya kama mtoto mbele ya sinia ya wali na nyama: huanza na nyama. Huchagua nyasi tamu, na kesho hurudi pale pale, kwa kuwa chipukizi ni laini kuliko majani ya juzi. Hivyo nyasi tamu huumwa kila siku, na nyasi chungu hazigusiki. Baada ya miaka michache nyasi tamu zimekwisha, nazo chungu zimerithi nchi yote pamoja na miiba. Tena ng'ombe hupita njia moja ile ile kwenda lamboni, na mvua ikija njia ile huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Mchungaji asiyewaongoza ng'ombe zake huongozwa nao.

AKIBA YA WAZEE WETU

Wasukuma walijua habari hii tangu zamani, bila kitabu. Mvua zilipoanza, mara nyingi mwezi wa Novemba au Desemba, familia ilifunga sehemu ya ardhi yake, na kijiji nacho kilifunga sehemu yake. Sehemu hiyo yaitwa ngitili. Majani yalikua humo masika yote bila kuumwa, mpaka kiangazi kilipokaza, mwezi wa Julai au Agosti. Ndipo ngitili ilipofunguliwa, wala si kwa kundi zima, bali kwanza kwa ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai wa kulimia, ambao hawawezi kwenda mbali. Nao hawakuachiwa ngitili yote kwa siku moja; walilisha kipande, kikaisha, wakahamia kipande cha pili. Wamasai nao wana desturi iliyo karibu na hiyo: hutenga malisho ya ndama karibu na boma, nao huyaita alalili.

Lakini desturi njema yaweza kupotea katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1920 hata 1940 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na ng'ombe wakazidi. Watu walipohamishwa kukaa katika vijiji, mwaka 1974 na 1975, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, na zile walizoziacha hazikuwa na mlinzi tena. Hata miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa wazi na kame, na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao uliendelea hata mwaka 2004. Mwanzoni wataalamu waligawa miche ya miti. Kisha wakaona ya kuwa iko njia iliyo bora: kuwauliza wazee, na kurudisha ngitili. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mradi ulipokwisha zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa siku zile, ambao tangu mwaka 2012 sehemu yake imekuwa mkoa wa Simiyu. Angalieni jambo hili: kwa sehemu kubwa miti ile na majani yale hayakupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai bado chini ya udongo. Vilikuwa vikingoja kuachwa tu. Watu walipoviacha, vilichipua. Zikarudi kuni, nyasi za kuezekea, dawa, na nyuki.

Nani aliyezilinda? Si askari wa Serikali. Ni mkutano wa kimila uitwao dagashida uliokata shauri, na sungusungu waliolinda, na aliyevunja alitozwa faini iliyojulikana na wote. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Seng'enge haikujenga ngitili hizo, wala miiba haikuzijenga. Zilijengwa kwa neno la watu lililoshikwa. Na mahali neno lilipovunjwa, majani hayakudumu, hata mvua ziliponyesha vizuri.

JINSI YA KUGAWA

Sasa twende shambani. Nasema na baba na mama wenye ng'ombe wachache, si na matajiri wa makundi makubwa.

Kwanza, wakati wa mvua. Tenga ngitili yako, uifunge kabisa. Malisho yanayobaki uyagawe vipande vitano. Huhitaji ua, mstari wa miti, kichuguu, kijito, au mawe yaliyopakwa chokaa, hivi vyatosha, kama mchungaji anavijua. Kundi zima likae kipande cha kwanza muda wa juma moja, kisha lihamie cha pili, na hivyo hata cha tano. Likirudi kwenye kile cha kwanza, kitakuwa kimepumzika siku 28. Mvua zikiwa njema, muda huo mara nyingi hutosha. Mvua zikiwa haba, majani hayakui upesi, na pumziko liwe refu zaidi. Kalenda ni msaidizi tu; anayetoa amri ni jani lenyewe. Kama kipande kinachofuata hakijapona, usikiingie kwa sababu tu ni Jumatatu.

Pili, wakati wa kiangazi. Majani hayakui tena, kwa hiyo kuzungusha hakuyaongezi. Kazi ya kiangazi ni kupima chakula kilichomo ghalani, kama mama apimavyo unga uliobaki. Fungua ngitili kipande kwa kipande, na kila kipande uache nusu. Nusu ile si hasara. Hufunika udongo usichomwe na jua, huzuia maji ya mvua ya kwanza yasikimbie, na kulinda shina litakalochipua.

Tatu, kila mwaka badili kipande kinachofungwa masika yote, kama ardhi yako yaruhusu, ili baada ya miaka kadhaa kila kipande kiwe kimepata mapumziko makubwa, kikaweza kutoa mbegu na kuziangusha. Majani yasiyopata kuzaa mbegu ni kama nyumba isiyo na watoto.

Nne, usichome moto. Majani ya ngitili yakishika moto mwezi wa Septemba, akiba ya miezi minane imekwisha kwa saa moja.

Tano, jueni pia mipaka ya jambo hili. Majani yaliyozeeka sana hujaza tumbo, lakini nguvu yake ni kidogo, na maziwa hupungua. Basi yafaa sehemu ndogo ikatwe mapema, majani yanapoanza kutoa maua, yakaushwe, yawekwe mahali pasipovuja. Wala msidhani ya kuwa kupumzisha malisho kwaondoa kupe. Kupe aletaye ndigana kali aweza kungoja katika majani zaidi ya mwaka mmoja bila kula. Josho liendelee kama kawaida.

HESABU YA MWALIMU NA WATOTO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wenzangu, hapa kuna hesabu mwezayo kuwafundisha watoto wa darasa la juu, nayo itawasaidia baba zao.

Chukueni vijiti vinne, kila kimoja urefu wa mita 1, mfanye mraba juu ya majani mwishoni mwa mvua. Kateni kwa mundu majani yote yaliyomo ndani ya mraba, myaanike mpaka yakauke kabisa, kisha myapime kwa mizani. Fanyeni hivyo mahali kumi, pazuri na pabaya, mtafute wastani. Kila gramu moja katika mraba ni sawa na kilo 10 katika hekta moja. Mathalan, wastani ukiwa gramu 150, hekta moja ina kilo 1,500 za majani makavu. Twaacha nusu, zabaki kilo 750 za kulisha.

Sasa tumhesabu mlaji. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula kwa siku majani makavu karibu kilo 6 na robo. Kiangazi kikiwa siku 120, atakula kilo 750. Yaani, katika malisho kama hayo, ng'ombe mmoja ataka hekta moja kamili ili avuke kiangazi bila kuharibu. Mtu mwenye hekta 6 na ng'ombe 10 aambiwe nini na hesabu hii? Aambiwe ya kwamba ng'ombe 4 hawana chakula. Hawatakosa chakula mwezi wa Oktoba. Wamekwisha kukikosa tangu mwezi wa Juni, ila mwenyewe hajajua.

NENO GUMU

Hapo wengi hufunga gazeti. Kuzungusha malisho watu hukubali, bali kupunguza ng'ombe hukataa. Lakini nisingekuwa mwaminifu kama ningewaambia ya kuwa kuzungusha peke yake kutaponya kila kitu. Mwaka 2008 wataalamu kadhaa wa Marekani, Briske na wenzake, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa katika nyanda za malisho, wakaona ya kwamba mara nyingi kuzungusha ng'ombe hakukuzidisha majani kuliko malisho ya siku zote, kama idadi ya ng'ombe ilikuwa ile ile. Maana yake ni hii: pumziko ni jambo jema, lakini haliwezi kugeuza sahani ya watu sita ikawa sahani ya watu kumi.

Najua ng'ombe ni nini kwetu. Ni mahari ya kijana, ni karo ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni heshima ya baba mbele ya wenzake. Wala simwambii mtu auze kundi lake akabaki mikono mitupu. Nasema auze kwa wakati. Ng'ombe auzwaye mwezi wa Juni yu mnene, na mnunuzi humtafuta. Ng'ombe yule yule mwezi wa Oktoba ni mifupa, na wauzaji ni wengi mnadani, na bei huanguka. Asiyetaka kuuza wanne wakati wa neema aweza kuwazika saba wakati wa dhiki. Ukame wa miaka ya 2020 hata 2023 uliua mamilioni ya mifugo katika nchi za Kenya, Ethiopia na Somalia. Waliopotewa hawakuwa wavivu wala wajinga, na ukame wa namna ile hakuna ngitili iliyotosha kuuzuia. Lakini mtu aliyeweka akiba, na kuuza mapema, ana nafasi ya kubakiwa na mbegu ya kundi. Akiba haiozi.

Kumbukeni habari ya Ibrahimu na Lutu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Watu wale walikuwa wacha Mungu na ndugu, wala hatusomi ya kuwa mmoja wao alikuwa mwizi. Ila mifugo yao ilikuwa mingi mno, na nchi haikuweza kuwachukua pamoja. Ndipo ugomvi ulipoanza, si kati ya wenyewe kwanza, bali kati ya wachungaji wao. Hata leo ndivyo ilivyo. Vijana hupigana fimbo malishoni, na wazee huapizana nyumbani, na sababu yake ni hesabu ambayo hapana aliyetaka kuifanya. Ibrahimu, aliyekuwa mkubwa, alimaliza ugomvi kwa kukubali kuchagua nyuma ya mdogo. Hakupungukiwa na kitu.

JIBU LA SWALI

Basi sasa namjibu mwalimu.

Jirani alisema kwamba majani ni mali ya Mungu. Ni kweli kabisa. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa majani yale yalikuwapo mwezi wa Agosti kwa sababu mzee alijinyima. Tangu Desemba ng'ombe zake zilipelekwa mbali, na watoto wake walichoka, ili kipande kile kipumzike. Hakupanda mbegu, bali alipanda subira, nayo ni kazi. Mvua ilinyesha juu ya ardhi ya wote wawili. Mmoja aliila yote masika, na mmoja aliweka. Tena Torati haikunyamaza juu ya jambo hili: katika Kutoka 22:5 mtu alishaye mnyama wake katika shamba la mwingine ameamriwa alipe, tena alipe kwa kilicho chema cha shamba lake. Kwa hiyo jirani amekosa, na kuingia usiku kwaonyesha ya kuwa moyo wake ulijua hivyo. Alipe.

Lakini mzee naye asijione kuwa mwenye haki yote. Namwuliza maneno matatu. Je, mpaka wa ngitili yake ulijulikana, na kijiji kiliukubali? Je, faini aliyotaka ni ile iliyowekwa na kijiji, au ni ile iliyowekwa na hasira? Je, ng'ombe alizokamata alizinywesha maji? Kwa maana Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yatuagiza kumtunza mnyama wa ndugu aliyepotea hata mwenyewe amtafute, na mnyama hana kosa. Tena Kutoka 23:11 yasema juu ya mwaka wa kupumzisha ardhi ya kwamba maskini wa watu wapate kula humo. Pumziko la ardhi halikuwekwa ili tajiri ashibe peke yake.

Hili la mwisho nalisema kwa uzito. Ngitili yaweza kugeuka kuwa njia ya kunyang'anya. Mwenye nguvu hufunga leo hekta 3, kesho 30, hata malisho ya wote yakawa yake; na mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa hana pa kumpeleka, na asiye na ng'ombe hana pa kukata kuni. Nabii Ezekieli, sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokula malisho mema, kisha wakayakanyaga kwa miguu yale yaliyosalia, wengine wasipate. Basi kila kijiji kinapofunga malisho, na kiseme waziwazi: mjane atapata nini, yatima atapata nini, na mama asiye na mifugo atachukua kuni na nyasi za kuezekea siku zipi.

Haya yote hayatengenezwi mwezi wa Agosti, wakati matumbo ni matupu na macho ni mekundu. Yatengenezwe mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Kwa wasomaji wetu wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji neno katika kutenga ardhi ya wote. Basi jambo lipelekwe kwa Halmashauri ya Kijiji, kisha kwenye Mkutano, liandikwe katika daftari pamoja na mipaka na faini yake. Wanawake nao waitwe wakaseme, maana ndio wajuao mwendo wa kuni na maji. Wazee wa dagashida waheshimiwe, kwa kuwa desturi hii ilikuwa mikononi mwao kabla yetu.

Na katika kupatana kwao, ewe mwalimu, nakushauri hivi. Faini isiwe fedha tu. Jirani akubali kumsaidia mzee kulinda ngitili masika yajayo, na mzee akubali kumfundisha jirani kufunga ngitili yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo kama kiwanja cha mpira. Watoto wao wachunge kwa zamu, leo wa huyu, kesho wa yule, ng'ombe zikiwa kundi moja. Hivyo kundi litahamishwa vipande kwa utaratibu, na kila mtoto atapata siku za kwenda shule, badala ya wote wawili kuzikosa. Kisha wakumbushe neno la Bwana katika Mathayo, sura ya 5, ya kuwa mtu mwenye neno na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza. Hilo lilisemwa kwa watu waliokuwa wakija kuabudu, kama hawa wawili wajao kila Jumapili kwa mlango mmoja.

Enyi baba na mama, Mungu aliyeweka siku ya kupumzika kwa mtu, aliweka pumziko kwa mtumwa pia, na kwa punda na ng'ombe, hata na kwa ardhi. Asiyeipa ardhi pumziko kwa hiari yake, ardhi italichukua yenyewe, kwa kuwa jangwa. Msingoje hilo. Kabla ya mvua zijazo, baba na mama wakae jioni moja na watoto wao, wahesabu ng'ombe zao na hekta zao, wachague kipande kimoja cha kufunga, wamwambie na jirani. Kazi hiyo haina gharama ya fedha, nayo yaweza kuanza na nyumba moja.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kukausha majani na kuyaweka bila kuota ukungu. Mwenye maarifa katika jambo hilo na atuandikie kwa ufupi, tupate kusaidiana.

Neema na amani ziwe katika nyumba zenu na katika mazizi yenu.

Mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Mwalimu wa Dini